Mama Alisema Natembea

Mahakama ile iko ghorofani na ina ngazi tu. Kila tarehe ya kesi, kaka yangu Malimi hunibeba kutoka chini hadi juu, kiti changu cha magurudumu kinabaki kwa mlinzi, na tukishafika, Malimi akihema na shati limemlowa, karani anachungulia mlangoni na kusema, "Kesi ya Sabina Masalu imeahirishwa." Mara hakimu yuko semina. Mara jalada halionekani. Mara wakili wa bima anaumwa tumbo. Siku moja nilimuuliza karani kwa nini wasitupigie simu tukiwa bado nyumbani. Akaniangalia kana kwamba nimemtukania wazazi, akarudi ndani.

Na kesi yenyewe haina ugumu wowote. Nilikuwa fundi cherehani, kibanda changu kiko Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Lori la mchanga likarudi nyuma bila mtu wa kuliongoza, likaingia kibandani nikiwa nimekaa kazini. Dereva hakukataa kosa. Polisi walichora ramani yao, madaktari wakapiga picha zao, wakaniambia uti wa mgongo umekatika na kwamba kutoka kiunoni kwenda chini nisitegemee kitu. Nilielewa. Niliacha kutegemea, nikaanza kudai fidia.

Sikutaka fidia ya kujengea ghorofa. Nilitaka kuajiri mtu mwenye mgongo mzima, wa kuninyanyua, kunigeuza nisipate vidonda, kunihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Malimi hunisaidia akiwa hajatoka kwenda kazini, lakini mzigo wote uliobaki ni wa mama yetu, Mama Teodora, ambaye amevuka sitini na siku hizi akiinama anainuka kwa kushika ukuta. Nikikosa fidia, tutakuja kulala wawili chumba kimoja tukitazamana, na wa kutugeuza hayupo. Hilo ndilo nililokuwa nikilipigania.

Bima hawakusema kwamba hawatalipa. Wao ni waungwana. Walisema tu kwamba nimetia chumvi.

Sasa mama yangu. Mama ni mtu wa kukiri. Kanisani kwao wanafundishwa kwamba muujiza hausubiriwi kimya. Unautangaza kabla haujafika, unausema kama jambo lililokwisha kutokea, na ukitamka kinyume chake umeufungia mlango. Kwa hiyo tangu ajali mama hajawahi kusema kwamba sitembei. Majirani wakimuuliza hali yangu hujibu, "Anatembea kwa jina la Yesu," huku ameshika beseni la mashuka niliyoyachafua. Nilikasirika mwanzoni, halafu nikachoka kukasirika. Kila mtu ana namna yake ya kuimaliza siku.

Balaa lilianzia Sengerema. Mchungaji Jonathan, wa kanisa la mama, alikuwa na mkutano mkubwa wa maombi kule, mama akakodi gari, tukashika njia ya Kigongo na kuvuka ziwa kwa daraja hadi Busisi. Njia nzima alinihubiria kwamba Mungu aliyewapitisha watu juu ya ziwa kwa matairi hawezi kushindwa na kiuno changu. Nikamwambia daraja limejengwa na wahandisi.

"Na wahandisi wameumbwa na nani?"

Ni vigumu kubishana na mama ukiwa umefungwa mkanda kwenye gari alilolikodi yeye.

Mkutanoni, wahudumu wawili wenye vifua vipana walinishika makwapani bila kuniuliza, wakanipandisha jukwaani. Miguu yangu ikinyanyuliwa hukakamaa yenyewe. Daktari alinieleza kwamba ni misuli inayojivuta tu bila amri ya kichwa, lakini mtu asiyejua akiona ataapa kwamba nimesimama. Watu wakaona, wakapiga vigelegele. Mama akapewa kipaza sauti, akashuhudia. Akasema mwanawe Sabina aliyevunjwa na lori sasa anatembea, anapika, anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi na kapu kichwani. Hilo la kapu ndilo lililonimaliza. Hata kabla ya ajali sikuwahi kubeba kapu kichwani, nilikuwa napanda bodaboda.

Kanisa likairusha video mtandaoni. Wiki haikuisha, mteja wangu wa zamani akaja na kitambaa cha gauni, ameniona nimepona, anataka nguo kabla ya harusi ya mdogo wake. Nikamwambia mguu wa kukanyagia cherehani bado haujaokoka. Hakucheka. Alinisikitikia kwa kukosa imani, akaondoka na kitambaa chake. Na baada yake video ikamfikia Masele, wakili wa bima.

Wakili wangu mimi anaitwa Shruti. Baba yake ana duka la vitambaa mjini, na mimi nilikuwa nikinunua nyuzi pale tangu yeye akiwa mtoto anayefanyia kazi za shule nyuma ya kaunta. Alikuja Igoma mwenyewe, simu mkononi, akamwamkia mama shikamoo, akaketi, akatuonyesha. Mama aliitazama video kwa furaha mpaka mwisho. Akaomba irudiwe.

"Mama," Shruti akasema, "hii ndiyo wanayoitegemea. Mama mzazi wa mdai anasema mdai anakwenda sokoni."

"Nilishuhudia, mwanangu. Huo ni ushuhuda."

"Na mahakamani nako nilikuwa nimekupanga uwe shahidi, ueleze unavyomhudumia dada Sabina. Nikikuondoa sasa, Masele atasema tumekuficha. Ukija, atakuuliza swali moja tu. Anatembea au hatembei?"

"Nitamjibu anatembea."

Shruti akanitazama. Mimi nikatazama bati, maana ningemtazama mama ningesema neno la kujutia.

"Mayu," Malimi akaingilia, kwa Kisukuma chetu cha kumwita mama tunapombembeleza, "asubuhi hii si mimi niliyemtoa kitandani?"

"Wewe unasema unachokiona. Mimi nasema ninachokiamini."

"Ripoti ya daktari tunayo," Shruti akasema taratibu, "na daktari atakuja kuisimamia. Lakini hakimu naye ni binadamu, mama. Akimsikia mzazi anasema hivi, ripoti ataiona kama karatasi tu."

"Basi amtazame Sabina mwenyewe. Si ana macho?"

Shruti akaondoka bila kumaliza chai. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikukalika. Nilimbembeleza mama, nilimgombeza, nilinuna. Nilikataa kula mpaka akaniambia niache utoto. Siku moja akiwa ananipaka mafuta miguuni, miguu ambayo ingeweza kuungua moto nisijue, nikamshika mkono.

"Mama, ni neno moja. Sabina hatembei. Litamke."

"Nikilitamka limekuwa."

"Limekwisha kuwa. Limekuwa tangu siku ile ya lori."

"Kwa madaktari, sawa. Na kwako wewe, naona. Kinywani mwangu halijawa."

Akaendelea kupaka mafuta. Nilimchukia, nasema kweli. Nilimwona ni mwanamke mkaidi anayetaka kuvunjika mgongo ili aonekane na imani, na ambaye angeniacha nioze kitandani kuliko kumkosea Mchungaji Jonathan. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Alinifunika shuka, akaenda kuanua nguo.

Tarehe ya mama kutoa ushahidi iliahirishwa mara mbili, kama kawaida yao. Ilipofika ya kweli, hakimu yupo, jalada lipo, tumbo la Masele limetulia, tulipanda ngazi na mama nyuma yetu akishika ukuta. Kwenye korido Masele alikuja kutusalimia. Ni kijana mpole, ana adabu zote, na hilo lilinitia hasira zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mungu akutangulie katika kazi yako."

Malimi akakohoa. Mimi nilitamani ukuta unimeze. Mtu anakwenda kutuzika, na mama anamwombea asichoke kuchimba.

Mama akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa. Shruti akamuuliza asubuhi ile amefanya nini, na mama, ambaye haoni aibu kwa kazi yoyote, akaeleza yote: amenigeuza, ameniosha, amenibadilisha mpira wa mkojo, amenikagua makalio kama kuna kidonda. Hakimu alikuwa anaandika kila kitu kwa mkono, kwa hiyo kila baada ya sentensi alimsimamisha. "Taratibu mama, naandika." Mama anangoja, kalamu inakwaruza, anaendelea. Chumba kizima kilijua habari za makalio yangu kwa mwendo wa imla. Niliinamisha kichwa, nikajiambia kwamba angalau haya yanasaidia.

Masele akasimama. Akafungua kompyuta yake, akaigeuza hakimu aone, na sauti ya mama ikajaa chumbani, kapu kichwani na vigelegele na yote.

"Anayezungumza ni nani, mama?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unasema kweli au unasema uongo?"

"Nilikuwa nakiri."

"Mama, umeshika Biblia hapa. Na kule ulikuwa mbele ya watu wa Mungu. Mahali pamoja kati ya hapo pawili umesema uongo. Naomba uiambie mahakama, Sabina anatembea au hatembei?"

Nilimwona ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, kama anavyoshika ukuta kule nyumbani. Hakimu akasema, "Jibu, mama."

"Mheshimiwa, naweza kuzungumza na mwanangu kwanza?"

"Huwezi. Zungumza na mahakama."

"Nataka tu aelewe ninachokifanya."

"Jibu swali, mama."

Mama akatazama mbele, siyo kwangu.

"Hatembei," akasema.

Nikaona mabega ya Shruti yakilegea. Lakini Masele si mjinga, naye alimfahamu mama, labda kwa kuwa hata kwao kuna mama wa namna hiyo hiyo. Akalainisha sauti, karibu ya mtoto kwa mzazi.

"Ahsante mama. Lakini wewe ni mtu wa imani. Unaamini kwamba siku moja atatembea, siyo?"

Shruti akaruka kupinga, kwamba shahidi si daktari na imani yake si ushahidi. Hakimu akainua mkono ili afikirie. Nikajua Masele amemfungulia mama mlango wa kupitia. Angesema ndiyo. Angeenda nyumbani na imani yake, bima wangepunguza wanachopunguza kwa kuwa hata mzazi anategemea nipone, na kila mtu angekuwa na chake. Nikafumba macho kungoja ndiyo yake.

"Hatatembea," mama akasema.

Hakimu alikuwa bado na mkono hewani. Akaushusha, akatafuta kalamu.

"Sikuandika hapo, mama. Rudia, taratibu."

"Binti yangu."

"Binti yangu," hakimu akarudia, akiandika.

"Hatembei."

"Hatembei."

"Na hatatembea."

Kalamu ikakwaruza mpaka ikafika mwisho. Sikuwahi kusikia sauti ya mama ikiwa hivyo. Ilikuwa haina hasira na haina machozi, ilikuwa kama ya mtu anayetaja jina lake polisi. Hakimu akainua karatasi, akamsomea, kama desturi yao ilivyo, ili shahidi athibitishe.

"Binti yangu hatembei na hatatembea. Ni sahihi hivyo, mama?"

"Ni sahihi, Mheshimiwa."

Masele akasema hana swali lingine. Shruti akanigeukia, na usoni mwake niliona kwamba tumepata tulichokuja kutafuta. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilianza kulia kwa sauti, kilio ambacho sikulia hata hospitali, mpaka karani akaniambia ninyamaze au nitoke nje, kana kwamba ningeweza kutoka. Nilitaka kumwambia hakimu alifute lile neno, alikate, aandike lile la kapu. Miezi yote ile nilimkasirikia mama kwa kutolitamka, na sikujua kwamba duniani nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu anayengoja nisimame. Nikamletea wakili, nikampandisha kizimbani, nikamfanya aache kungoja.