Kitambaa Kilichokunjwa Ndani

Jumatatu ile ya kufungua shule, Jumatatu iliyoharibu kila kitu, jua liliingia dukani kwa fundi cherehani kupitia tundu la bati, likasimama katikati ya chumba kama fimbo nyeupe. Ndani ya fimbo hiyo vumbi la chaki lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, bila haraka, kama kitu kinachopumua.

Fundi hakulitazama. Nani ana muda wa kutazama vumbi? Alikuwa na sare za watoto wa watu, na wazazi wa watoto wa watu hawajui kungoja.

Saa hiyohiyo, uwanjani shuleni, mwalimu wa michezo alikuwa ameweka mizani juani na kuwapanga wasichana mstari. Ni amri ya mkuu wa shule, ilisemwa baadaye. Mkuu naye akasema ni amri kutoka juu. Na huko juu, ukiuliza njia, hakuna anayepajua wala anayekuelekeza. Kila msichana aliyepanda, uzito wake ulitangazwa kwa sauti. Binti wa fundi alipopanda, mwalimu alisoma, akasoma tena, akasema, "Huyu akishuka, mizani ipewe likizo."

Uwanja ukacheka. Na katikati ya kicheko kuna aliyelipaza lile jina: Kibonge.

Jina hilo alipewa na mama yake. Kibonge wangu njoo upakwe mafuta, Kibonge wangu njoo ulale. Mama alikuwa amezikwa likizo hiyo iliyokwisha, baada ya ugonjwa uliomla polepole mpaka akawa anabebwa kwa mkono mmoja kama nguo iliyopigwa pasi. Jina tu ndilo lililobaki na joto lake. Sasa hilo nalo lilikuwa limechukuliwa, limepita midomo ya watu, limerudi baridi.

Jioni ile binti alisema ameshiba. Alishiba wapi, hakusema. Ameshiba tu.

Haukupita muda akaja na sketi yake ya shule mkononi. "Baba, imekuwa kubwa."

Fundi akaipima, akaichora chaki, akapunguza.

Alikuwa na desturi yake ya kazi, na wenzake walimcheka kwayo: nguo ya mtoto hakuwa akiikata. Wengine wakipunguza, mkasi unapita, ziada inaenda kwenye kapu. Yeye alikunja ziada ndani, akaishona kwa ndani, akaipiga pasi ikalala kimya. Mtoto anakua, alisema, kitambaa kimngoje. Na mkono wake ulikuwa mzuri mno. Ukiitazama ile sketi kwa nje ungeapa kwamba imeshonwa jana, kwa ajili ya mwili huohuo.

Sketi ikarudi. Akapunguza. Ikarudi tena. Akapunguza.

Wateja wakasifu. Binti yako siku hizi amependeza, baba, unampa nini? Shuleni wakamtoa mstari wa nyuma, wakamweka mbele kwenye gwaride, na mwalimu yuleyule wa mizani akamwonyesha kwa kidole: mnaona? Fundi aliposikia alijisikia vizuri. Mtu aliyefiwa hula chochote anachotupiwa.

Lakini nyumba ilikuwa imeanza kubadilika.

Kiti alichokuwa akikalia binti, kiti cha tangu enzi, chenye mguu unaolia, kiliacha kulia. Mlango ulifunguka bila hatua kusikika. Unageuka, huyo hapo, amesimama nyuma yako na sweta mwilini, mchana, jua likichemsha mabati, anasema anasikia baridi. Mikononi vinyweleo vya malaika vilimwota, laini kama ukungu kwenye mkate. Mezani chakula kilizungushwa sahanini, kikahamishwa, kikatandazwa, mpaka kikaonekana kama kimeliwa na mtu asiyeonekana.

Na uso. Mashavu yalipoondoka, kuna uso mwingine ulikuwa unangoja chini yake. Kwanza mifupa ya juu. Kisha macho, yakaingia ndani, yakawa makubwa. Kisha ile namna ya kufunga mdomo. Kila wiki marehemu alikuwa anarudi kidogo, anarudi kidogo, kwa njia ya mwanawe.

Siku moja mwanamke aliyekuwa rafiki wa marehemu alisogeza pazia la kujaribia nguo, akamkuta binti mbele ya kioo. Akaiona sura kiooni. Akaiamkia kwa jina la aliyekufa. Halafu akatoka taratibu, kinyumenyume, gauni lake akaliacha mezani, na hakulifuata tena.

Fundi hakumchukia. Yeye mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa akinyanyua macho kwenye cherehani na kufurahi kwa nusu ya pumzi. Ile nusu ya pili ndiyo iliyomtisha.

Dada yake fundi alikuja kuwatembelea. Alimsalimu binti, akamshika bega, akaachia haraka kama aliyegusa kitu kisichokuwepo. Alipobaki na kaka yake hakuzunguka. "Kaka, huyu mtoto unamshonea sketi, au unamshonea kivuli?"

Fundi akajibu kwamba zahanati alishampeleka. Na ni kweli alimpeleka. Mhudumu hakuinua hata kichwa. Alitoa dawa ya minyoo, akasema wasichana wa umri huu ndivyo walivyo, aitwe anayefuata. Shule nayo alishaenda. Mkuu alikaa nyuma ya meza pana kama kitanda, akasema binti ni mfano wa kuigwa, kwa nini mzazi analeta malalamiko? Wote walimwona. Wote wana ofisi, wana viti vya kuzunguka, wana mizani. Hakuna aliyeona kitu.

"Na wewe mwenye tepu?" dada yake akauliza.

Fundi akageuka. Sketi ilikuwa imesharudi, iko mezani.

Alimwita binti asimame kwenye mwanga. Akampitishia tepu kiunoni kama siku zote, vidole vikijua njia. Tepu hiyo ilikuwa na nukta ya wino, moja tu. Aliitia mwenyewe alipompima mke wake gauni la mwisho, lile la kulala ndani yake hospitalini, kwa sababu macho yake siku hiyo yalikataa kusoma namba.

Tepu ikazunguka. Tepu ikafunga. Ilifunga juu ya nukta.

Vumbi la chaki lilisimama hewani. Chumba kizima kilishika pumzi. Na kwa muda mdogo fundi hakujua ni kiuno cha nani kilichokuwa mikononi mwake, cha aliye hai au cha yule mwingine, na kama angevuta kidogo tu, tepu ingepita katikati kama inavyopita kwenye moshi.

Hakupunguza. Alimbeba. Hakuwa na uzito wa kumchosha mtu.

Hospitali kubwa walipokewa na daktari mwanamke, mtu wa maneno machache. Huu ni ugonjwa, alisema. Si kiburi, si mashetani, si mitindo ya mjini. Moyo wake unapiga polepole kuliko inavyotakiwa. Alazwe leo, si kesho. Alimweleza fundi kwamba kuna mtu wa kuzungumza na binti, na kuna mtu wa kumpangia chakula, kidogo kidogo. Wakirudi nyumbani kazi yake baba ni kula naye meza moja, bila kugomba, bila kumshikia sufuria kama bunduki, na baada ya kula asimwache peke yake. Mwili wake usisifiwe wala usitaniwe.

Fundi akalipuka. Akawataja wote: mwalimu, mkuu, zahanati, hao wa juu. Mko wapi nyie siku zote? Mtoto anayeyuka mbele ya macho ya serikali nzima!

Muuguzi aliyekuwa akimbadilisha binti nguo alikuwa ameishika ile sketi. Aliigeuza ndani nje. Akaipapasa sehemu ya kiunoni, kunjo juu ya kunjo, mshono nyuma ya mshono, nene kama kurasa.

"Ndiyo maana kwa nje haionekani," akasema. "Fundi wenu ni nani?"

"Ni mimi."

Yule muuguzi aliikunja sketi vizuri, kama kinavyokunjwa kitu cha marehemu, akampa.

Binti aliporudi nyumbani hakurudi amepona. Alirudi na tarehe za kurudi tena. Walikaa mezani, baba na mwana, supu mbele yao, mkate katikati. Kuna siku kijiko kilifika mdomoni. Kuna siku kilifika nusu ya njia na kukaa hapo, na fundi akameza maneno yake yote ya ukali, moja moja, na yeye akala badala ya kugomba. Wale wengine hakuwasamehe. Mizani bado iko shuleni, alisikia; safari hii wasichana wengine. Alikwenda akasimama getini mpaka mlinzi akachoka kumfukuza. Atakwenda tena.

Halafu ikaja asubuhi moja, jua likaingia kwa tundu lilelile la bati. Fundi aliichukua sketi, akaigeuza, akashika wembe.

Akafumua.

Uzi ulitoka ukilia kidogo. Kunjo la kwanza likafunguka, likaacha mstari wa chaki. Akafumua la pili; mstari mwingine, nje zaidi. Mistari ikajipanga kama alama za maji ukutani baada ya mafuriko, kila mstari ukionyesha msichana alikuwa amefika wapi alipoanza kuondoka. Na kila kunjo lilipoachia, vumbi lililokuwa limefungiwa ndani miezi hiyo yote lilitoka, jeupe, likaingia kwenye mwanga. Lilikuwa jingi. Lilipanda, likajikusanya, likawa na bega, likawa na shingo.

Kiti kililia. Binti alikuwa amekaa juu yake, sweta mabegani, kipande cha mkate mkononi, kimeumwa upande mmoja. Hakuwa anaitazama sketi. Alikuwa anatazama kioo, kisha vumbi, kisha kioo.

"Baba," akasema, taratibu, kama mtu anayeulizia chumba cha mgeni, "mashavu yangu yakirudi, mama ataenda wapi?"