Kofia Kwenye Stempu

Chayo, jirani yangu, hakubisha hodi. Aliingia na gazeti mkononi, akalibwaga juu ya cherehani, juu ya sketi niliyokuwa naipinda.

"Shoga, mumeo kawa stempu!"

Nikatazama. Picha mbili ubavu kwa ubavu, kwa heshima ya urafiki wa Meksiko na Ufilipino. Kushoto, msichana wa Kifilipino anaruka kati ya mianzi miwili inayogongwa na watu waliochuchumaa. Kulia ni sisi: jarabe, densi yetu ya kofia, mwisho wake kabisa, pale mwanamke anapoiokota kofia aliyotupiwa miguuni na mwanamume, na wawili hao wanaficha nyuso nyuma yake.

Nimesema sisi. Mimi simo. Buti ni za Refugio, mume wangu. Hata kwenye picha ndogo hivyo naujua mguu wake wa kushoto unavyopinda. Sketi ni kazi ya mikono yangu, utepe kwa utepe. Aliye ndani ya sketi ni Nereida, binti aliyeshika nafasi yangu, mwenye magoti mazima.

"Hapo wanabusiana, ee?" Chayo akauliza, macho yakicheka.

"Ni densi, Chayo."

"Densi ya hivyo, mimi wangu simwazimi mtu."

Alipoondoka nikavaa miwani. Kabla goti langu halijanikatalia, nilisimama nyuma ya kofia ile miaka na miaka. Cocula nzima, mji wetu, ilipiga miluzi ikidhani tunabusiana. Refugio hakuwahi kunibusu pale hata mara moja. Alininong'oneza, "Umekula vitunguu tena, wewe mwanamke," nami nikacheka bila sauti mpaka mabega yananipanda masikioni. Hata wanetu hawaujui mzaha huo.

Na kwenye stempu, mabega ya Nereida yamepanda masikioni.

Busu ningelimeza. Busu la jukwaani ni kazi tu, kama mimi kushika kiuno cha mteja na kukipima. Lakini vitunguu vyangu! Nikamwonea wivu hata yule binti wa Kifilipino. Kwao mwanzi ukikubana kifundo, kila mtu anaona. Kwetu maumivu yanafunikwa kofia.

Mchana Refugio akaja kula.

"Nereida unamwambia nini nyuma ya kofia?"

Akachovya kipande cha chapati ya mahindi kwenye maharage. "Nani?"

"Babu yako! Nereida."

"Ni kazi ile, Obdulia."

"Sijauliza kazi. Nimeuliza unamwambia nini."

"Maneno tu."

Maneno tu! Nikaondoa sahani ikiwa bado ina maharage.

Siku ya kuzindua stempu, uwanja wa mbele ya manispaa ulijaa. Wageni wa Kifilipino walikaa mstari wa mbele wakijipepea. Mkuu wa posta, mwenye tai iliyomkaba, aliweka mezani bahasha zenye stempu mpya na muhuri wa chuma. Wakubwa waligonga mmoja mmoja, kisha akaita aliyeishona sketi, yaani mimi.

"Polepole, mama. Pembeni tu, picha ibaki safi. Wakusanyaji hawataki uchafu."

Nikaitikia kwa kichwa, lakini nilikuwa nimekwisha kata shauri. Wino wote ule ungeangukia mabega yale.

Nereida alisimama ubavuni mwangu akiwa ndani ya sketi yangu, akingoja zamu yake. Sikuweza kujizuia.

"Refugio anakwambia nini nyuma ya kofia?"

Nilidhani atatahayari. Akanigeukia kwa hasira, kama mtu aliyengoja swali hilo mwaka mzima.

"Unataka kujua, dada? 'Pandisha mabega. Obdulia alikuwa anapandisha mabega.' Kila siku! Nikizunguka, Obdulia alizunguka hivi. Nikiinama, Obdulia aliinama vile. Mama yangu leo asubuhi kanunua stempu karatasi nzima, anawagawia watu, mwanangu huyu, mwanangu huyu. Mwanao nani? Yule ni wewe!"

"Hakuambii kitu kingine?"

"Kama kipi?"

Vitunguu vilikuwa salama. Nilipaswa kushusha pumzi, na sikuweza. Niliitazama stempu upya nikamwona mwanamke mwenye mabega yangu, goti lake zima, buti za mume wangu mbele yake, na wivu ukanipanda kuliko asubuhi ya gazeti. Yule hazeeki. Yule atatumwa mpaka Manila akiwa hivyohivyo, na Refugio ndiye anayemwita kila siku kwa jina langu.

"Mama, tunakungoja," akasema mkuu wa posta.

Nikainua muhuri, nikaushusha kwa mkono wa mshonaji aliyepiga pasi ya chuma miaka yote. Katikati kabisa. Wino ukameza kofia, mabega na buti.

"Yesu na Maria!" mkuu wa posta akalia. "Mama!"

Nereida akacheka. Alitupa kichwa nyuma, mdomo wazi, ufizi wote nje, na mabega yake hayakusogea hata kidogo. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Tarumbeta zikaanza kumwita jukwaani. Nikamshika kiwiko, nikamnong'oneza sikioni, "Mabega niachie mimi. Cheka kicheko chako."

Walicheza vizuri, nasema hivyo huku nimeuma meno. Kofia ikatupwa, akaizunguka, akaiinamia, akaiinua. Wakajificha, miluzi ikapigwa. Ghafla kichwa cha Nereida kikachomoza nyuma ya kofia, kimetupwa juu, kinacheka hadharani, na Refugio amesimama kando yake mdomo wazi, kama aliyesahau hatua. Uwanja mzima ukaona kwamba pale hapabusiwi mtu. Wafilipino wakasimama kupiga makofi.

Refugio akashuka akinitafuta, jasho linamtiririka, kofia mkononi.

"Umemwambia nini yule binti?"

Nikaipokea kofia, nikaipangusa vumbi.

"Maneno tu," nikamjibu.