Mfuko Huu Si Wetu

Mwalimu alipanda meli na mkoba begani ambao hakumruhusu mtu yeyote auguse, hata mpagazi ambaye kazi yake ni kugusa mikoba ya watu. Shangazi yake, aliyekuwa nyuma akivuta sanduku la magurudumu, alimwomba radhi mpagazi kwa niaba ya ukoo mzima. Akamweleza kwamba huyu mtoto wa kaka yake si mtu mbaya, ni vile tu amebeba kichanga.

Kichanga chenyewe kilikuwa kompyuta mpakato nyeusi, imechubuka pembeni, na kitufe kimoja kimeng'oka. Ndani yake mlikuwa na kazi ya miaka sita: kamusi ya lugha ya alama kwa watoto viziwi, alama elfu mbili na mia nne, kila moja na video yake. Zaidi ya nusu ya video hizo zilionyesha mikono ya mwanamke mmoja, fundi cherehani kiziwi aliyejua alama za zamani ambazo wenzake walishazisahau. Fundi huyo alifariki mwaka uliotangulia, na hakuna kamera ambayo ingeipata mikono ile tena.

Nakala ya akiba ilikuwapo, kwenye diski ndogo ya nje, lakini diski hiyo ilizima siku nne kabla ya safari na kugoma kuwaka kama punda aliyechoka. Mtandao wa melini nao ulitambaa kiasi kwamba video moja ingekula asubuhi nzima. Na mchapaji alikuwa akimngoja Mwalimu katika mji ambako safari ingeishia, ndiyo maana kompyuta haikuachwa nyumbani. Ikipotea hiyo, imepotea kamusi, na hapo hakuna la kujadili.

Shangazi hakuwa na habari na hayo yote. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na moja katika stoo ya mizigo ya stesheni ya reli, na ndoto yake ilikuwa moja tu: siku tisa kwenye meli ya kitalii, alale kitini kando ya bwawa la kuogelea huku wengine wakihangaika na mizigo. Kule stesheni walimwita Mama Risiti. Hata mkuu wa stesheni aliwahi kunyimwa mwavuli wake mwenyewe kwa kukosa risiti, akarudi nyumbani amelowa chapachapa, na kesho yake akaja na risiti.

Walipoingia chumbani Mwalimu hakutazama dirisha wala kitanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye sefu iliyokuwa kabatini. Sefu ilitosha pasipoti mbili na saa, tena kwa kubembeleza. Akatoa waya wa chuma wenye kufuli alionunua kwa ajili ya safari, akatafuta pa kuufungia. Meza ilikuwa ubao uliogandishwa ukutani, haina mguu, na vitanda vilishuka hadi sakafuni bila upenyo. Alizunguka chumba na ule waya mkononi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Shangazi, viatu ameshavua, alimshauri aipeleke mapokezi, waiandike, wampe karatasi, yeye akale raha. Mwalimu akasema hawezi kumkabidhi mgeni kitu kama hicho. Shangazi akamjibu kwamba wageni ni wao wawili. Wale wengine wanaishi humu. Halafu akalala.

Basi Mwalimu akaanza kuficha. Siku ya kwanza aliilaza chini ya godoro, siku ya pili ndani ya sanduku, chini ya nguo chafu. Kila alipotoka alifika nusu ya korido, roho ikamruka, akarudi kutazama. Kwenye bwawa alikaa na taulo mapajani kama abiria anayengoja kuitwa.

Aliyemtia wasiwasi zaidi ni mhudumu wa chumba, mwanamume wa makamo, mwembamba, mpole wa kauli, aliyesafisha vyumba kumi na vinane kabla ya saa sita mchana. Kwa haki yake, kazi yake ilikuwa ya kuvutia. Shuka alilitandika pembe zikawa kali kama za bahasha, na kila alichokiinua alikirudisha palepale, hata kalamu, hata miwani iliyoachwa imetazama juu. Mwalimu yeyote angelipenda hilo, lakini huyu lilimnyima usingizi: mtu huyu ameinua godoro, akalirudisha, na kompyuta haikusogea hata kidole. Kwa hiyo ameiona.

Shangazi yeye alishakuwa ndugu yake. Kufikia siku ya pili alijua kwamba ana mabinti watatu, kwamba goti lake la kulia halipendi ngazi, na kwamba binti wa kwanza anasomea uuguzi. Walikuwa wanapiga soga mlangoni kila asubuhi. Mwalimu akiwasikia aliona shangazi anamwaga siri za nyumba.

Ndiyo sababu siku ya tatu, alipopata maficho ya uhakika, hakumwambia shangazi. Juu ya kabati palikuwa na mfuko mkubwa wa turubai wenye majaketi mawili ya kuokoa maisha. Aliichomeka kompyuta katikati ya majaketi, akafunga zipu, akausukuma mfuko hadi ukutani. Mwizi gani anaiba jaketi la kuokoa maisha? Alijipongeza. Siku hiyo alikula mchana bila kukimbilia chumbani, akaogelea, hata akacheka mzaha wa watu asiowajua.

Siku ya tano walikawia kwenye chai ya asubuhi. Shangazi akabaki bwawani, Mwalimu akarudi kufanya masahihisho yake. Alipanda juu ya kiti, akafungua zipu, akatia mkono. Jaketi. Jaketi. Akatia mkono wote hadi kwapani. Akaushusha mfuko, akaumwaga kitandani: majaketi mawili ya rangi ya machungwa, na hakuna kingine.

Alikumbuka mikono ya fundi ikionyesha alama ya mvua, ile ya zamani, ambayo yeye mwenyewe ilimchukua wiki nzima kuishika. Akalia kwa sauti, peke yake, amesimama, halafu akashuka ofisi ya ulinzi bila hata kufunga mlango.

Mkuu wa ulinzi alimpa kiti, maji na fomu. Fomu iliuliza ni kitu gani, kilikuwa wapi, kimeonekana mara ya mwisho lini; penye wapi Mwalimu aliandika chumbani, basi. Ikauliza, je, unamshuku mtu? Mwalimu akaandika bila kuinua kalamu: mhudumu wa chumba. Akatia sahihi.

Mhudumu akaitwa. Alifika na kitambaa cha kufutia vumbi bado kiko begani, akasomewa, akaulizwa. Akasema hajaiona tangu siku ya kwanza, ilipokuwa chini ya godoro, na kwamba sanduku alilisogeza tu apige deki. Mkuu wa ulinzi akamweleza utaratibu: asimame kazi kuanzia sasa, na isipopatikana atashushwa bandari ya kesho pamoja na maelezo yake. Mhudumu akavua kadi ya kufungulia vyumba shingoni, akaiweka mezani, akainyoosha iwe sawa na ukingo wa meza. Hakumtazama Mwalimu.

Shangazi alimkuta chumbani ameketi sakafuni. Alisikiliza habari yote, fomu na kadi, bila kumkatiza na bila kumfuta machozi. Hakuuliza kwa nini hakuambiwa. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mfuko ni huo hapo kitandani. Kisha akavaa miwani.

Hapo ndipo Mwalimu, kwa mara ya kwanza maishani, alimwona shangazi yake kazini. Alikuwa amemjua kama mtu wa vicheko na vyakula, wa kuchelewa harusini na kulala kwenye hotuba. Mwanamke huyu aliyeinama sasa alikuwa mwingine. Alipitisha kidole kwenye zipu mwanzo hadi mwisho, akageuza majaketi, akashika filimbi zake moja moja, akanusa turubai. Hakuwa na haraka.

"Mfuko huu si wetu," akasema.

Mwalimu hakuelewa.

"Zipu ya wetu ilikatika kishikizo, wakafunga uzi mweupe. Hii ina chuma chake. Filimbi zetu zilikuwa na kamba za kijani, hizi nyeusi. Na hizi zinanukia upya. Hujaibiwa, mwanangu. Umebadilishiwa mzigo."

Mwalimu akauliza aliyaona lini hayo. Shangazi akasema siku ya kwanza, walipofundishwa kuvaa. Alikuwa ameushika mfuko, na mzigo akishaushika hausahau. Alilisema hilo bila majivuno, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. Mwalimu alikuwa ameufungua na kuufunga mfuko ule siku mbili, akaingiza humo maisha yake yote, na asingeweza kusema ulikuwa na zipu au vifungo.

Chini ya mlango, kila jioni, meli iliingiza karatasi ya matangazo. Mwalimu alizitumia kupangusia miwani. Shangazi akaziokota kapuni, akazikunjua, na ya jana ilikuwa na mistari mitatu chini kabisa: majaketi ya korido hii yatakusanywa wakati wa chai ya asubuhi kwa ukaguzi, na mengine kuwekwa badala yake.

Walishuka ngazi tano hadi stoo ya vifaa vya usalama. Ilikuwa na dirisha dogo la kupokelea, na nyuma yake mzee mnene mwenye daftari. Shangazi akatabasamu kama aliyeona kwao. Hakutaja wizi wala machozi. Alimpa pole ya kazi, akamuuliza kama mifuko ya asubuhi imeshafunguliwa, akasema kuna mmoja umeondoka na kitu cha abiria kwa bahati mbaya, kosa ni la abiria. Mzee akasema bado, yote inangoja kesho alfajiri, itumbukizwe kwenye tangi la maji pamoja na majaketi yake kuona kama yanaelea. Mwalimu akashika ukingo wa dirisha.

Mifuko ilikuwa imepangwa safu hadi darini. Shangazi akauonyesha kwa kidole: safu ya pili, wa nne toka chini, uzi mweupe. Mzee alipotaka kuukabidhi, shangazi akamzuia. Aufungue yeye mwenyewe, na kabla hajafungua, mwenye mali aseme mna nini ndani. Mwalimu akasema, kwa sauti iliyokatikakatika: kompyuta nyeusi, imechubuka kona ya kushoto, haina kitufe kimoja. Mzee akafungua. Ikawa hivyo hivyo.

Aliikumbatia palepale mbele ya watu, akawasha, akafungua video ya kwanza iliyojitokeza. Mikono ya fundi ikasema maji. Mwalimu akalia tena, safari hii akicheka, akamkumbatia shangazi, akataka kumkumbatia na mzee wa stoo, ila dirisha lilikuwa dogo.

Kwenye ngazi shangazi akasimama kuvuta pumzi.

"Sasa twende kwa yule uliyemwandika."

Mwalimu akasema atapiga simu ofisini, awaambie imepatikana. Shangazi akatikisa kichwa.

"Miaka ile yote nimeitwa mwizi mara kumi na moja," akasema. "Mbele ya watoto mara moja. Mara zote kumi na moja mzigo ulionekana, nyumbani kwao, kwa shemeji, chini ya kiti. Unajua wangapi walirudi kuniambia?"

Mwalimu akaibana kompyuta kifuani.

"Wawili. Na majina yao ninayo mpaka leo."

Mwalimu alikuwa ametembelea stoo ile utotoni, akala karanga kwenye kaunta yake, na hakuwahi kujua. Alimtazama mwanamke huyu mfupi, mwenye kuhema, aliyeitwa mwizi mara kumi na moja na bado akaamka kila siku kulinda mali ya waliomwita hivyo, na heshima aliyoisikia ilimwinamisha kichwa. Akapanda ngazi mbele.

Ofisini aliomba mhudumu aitwe, na aliposimama mlangoni, Mwalimu naye akasimama. Akasema kompyuta aliificha yeye, mahali pa kijinga, kwamba tangazo aliletewa hakulisoma, na kwamba jina la mtu huyu aliliandika kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya jambo lolote aliloliona. Akaomba fomu ile ifutwe na maneno haya yaandikwe badala yake. Akamgeukia mhudumu akasema, "Nimekukosea. Nisamehe." Mkuu wa ulinzi akamrudishia kadi yake.

Mhudumu akaivaa. Akasema amesamehe. Kisha akaomba jambo moja, kwa adabu, akiwa amemwelekea mkuu wake: kuanzia kesho, akiingia kusafisha chumba kile, mama mtu mzima awepo. Shangazi akasema hiyo si kazi, ni furaha.

Ikawa kila asubuhi shangazi anaweka kiti mlangoni na kukaa, mhudumu anatandika pembe zake za bahasha, na soga zinaendelea, ila fupi zaidi. Kompyuta ilikuwa mapokezi, imeandikwa. Mwalimu alikuwa anapita koridoni, anasalimu, anajibiwa vizuri.

Asubuhi ya mwisho shangazi alikawia kwenye chai, na mhudumu akafika na toroli lake. Mwalimu alikuwa amesimama pale peke yake. Akamwambia kwamba leo, kama haoni vibaya, yeye anaweza kukaa kwenye kiti badala ya shangazi.

Mhudumu alifikiri. Mwalimu aliona wazi kwamba anafikiri kweli, kwamba jibu la kumfurahisha abiria lilikuwa karibu naye na ameliacha.

"Bado, mwalimu," akasema. "Tumngoje mama."

Mwalimu akaitikia. Moyo ulimuuma, na papo hapo akamstahi mtu huyu kuliko siku zote tisa. Akaegemea ukuta upande wake wa korido, mhudumu akaegemea toroli upande wake, wakamngoja.