Matembele ya Jangwani

Asubuhi hiyo Swaumu alikuwa amekaa pembeni mwa soko la Kariakoo akikatakata matembele ya majini, huku akimweleza mteja kwamba vikonyo vyake laini vinapendeza kwa nazi, na mashina, kwa vile yana uwazi ndani, yakaangwe na kitunguu na dagaa bila kuiva sana. Kisu kilipopita kwenye shina nene, sauti ya binti yake Mwanamkuu ikatoka humo.

"Shikamoo mama. Niko chini ya ukuta wa Mzee Pius."

"Marahaba mwanangu," Swaumu akajibu, akaendelea kukata.

Mwanamkuu alichukuliwa na mafuriko ya masika yaliyopita bondeni Jangwani, baada ya Mzee Pius, muuza vitenge wa jumla, kuziba mfereji kwa ukuta ili maji yasifike ghalani kwake. Maji yakageukia vyumba vya wapangaji. Hitima ilisomwa bila kaburi. Pale kilipokuwa chumba chake paliota mboga hiyo, na Swaumu akawa anaichuma.

Mteja akampa pole, kisha akaomba nyongeza. Akapewa.

Soko likazoea. Wasichana waliosoma na Mwanamkuu wakawa wanainamia beseni, "Mambo?", shina linajibu "Poa", nao wanaondoka na mafungu yao. Swaumu alifurahi kumsikia, lakini roho haikutulia. Alitaka kumzika mwanawe, basi.

Wiki haijaisha, Mzee Pius akaja mwenyewe. Alisikiliza shina mpaka likamaliza, akavua kofia.

"Pole sana, Mama Mwanamkuu."

"Bomoa ukuta, mzee wangu, nimtoe nimzike."

"Mvua hizo zinakuja, mama, na ghala limejaa mzigo. Tuone baada ya masika." Akatazama beseni. "Nikatie mafungu mawili. Ila nyembamba sana. Jana mboga hii iliongea mezani kwangu, wageni wakashindwa kula."

Mteja ni mteja. Swaumu akakata nyembamba, sauti ikawa mnong'ono, kisha ikanyamaza. Mkono wake, kwa mazoea, ukachota na nyongeza ukamtilia mfukoni. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jioni aliweka shina moja zima kwenye kikombe cha maji, jikoni kwake.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Leo mafundi wameleta saruji. Wanaupandisha ukuta kozi mbili za tofali."

Swaumu akabadilisha maji ya kikombe, akabandika wali.