Nani Anachomoa Ruta?

Mwoka mikate alikuwa na kamera sebuleni kwake, na kila siku akiwa kazini kamera hiyo ilimwonyesha kiduara kinachozunguka. Alikijua kiduara kile kuliko alivyowajua baadhi ya mashemeji zake. Kilizunguka unga ukikandwa, kikazunguka unga ukiumuka, na mikate ilipotoka kwenye tanuri imeiva, chenyewe bado kilikuwa kibichi, kinazunguka tu.

Angevumilia, maana ni mvumilivu, lakini kitinda mimba wake alikuwa amefika pale pa kusimama kwa kushika meza. Nyumba nzima ilimwita Tonge kwa jinsi alivyoviringana. Siku yoyote angeachia meza. Na mwoka mikate alishakosa hatua ya kwanza ya kaka yake Tonge. Siku ile mama mkwe alimpigia simu kazini, vigelegele mpaka simu ikakwaruza, naye akaenda stoo akalia juu ya gunia la unga, akatoka mweupe usoni hata wenzake wakadhani kaona jini. Hii ya pili aliapa haimpiti, hata kama ni kuiona kwenye simu. Ndiyo maana ya kamera.

"Mbona inafanya kazi!" mume wake alimwambia kila alipolalamika. Mume alikuwa fundi saa, anashinda chumba cha nyuma na lenzi jichoni, na hakuamini kwamba kipo kitu chenye waya kinachoweza kumshinda. "Huyo hapo Tonge, huyo hapo Mama. Picha safi kama maji."

"Umekaa wapi, Baba Tonge?"

"Sebuleni."

"Kwa hiyo unaitazama sebule ukiwa sebuleni."

"Ndiyo!"

"Basi macho Mungu alikupa ya nini?"

Jioni moja tanuri liligoma, akarudi nyumbani jua bado lingalipo. Siku nyingine zote alikuwa akimkuta Tonge yu hoi. Mama mkwe angemsimamisha katikati ya mkeka na kumbembeleza, "Haya, mume wangu, mwonyeshe mama yako," na Tonge angekaa puu, macho yamejaa usingizi. Leo alikuwa ndiyo kwanza ameamka, amechangamka kuliko wote.

Mwoka mikate akaketi chini na simu yake, akamwita mume, akazima waifai ya simu. "Kuanzia sasa mimi ni mgeni," akasema. "Natumia data yangu, kama niko kazini." Akafungua kamera. Kiduara.

Mume akavua lenzi.

Mambo yalikuwa hivi. Huko kwenye intaneti nyumba yao ilikuwa na anwani ya namba, na namba hiyo ilibadilika kila ruta, kile kidude cha kugawa waifai, ilipozimwa na kuwashwa. Kwa hiyo walijiandikisha kwenye huduma ya kupewa jina: anwani ikihama, ruta inatoa taarifa, na jina linafuata. Simu yake ililijua jina tu, namba haikuwa na haja nayo. Mwoka mikate akaangalia jina linaelekea namba gani, kisha akaangalia ruta ina namba gani. Hazikufanana hata kwa mkia.

"Jina letu linabisha hodi kwenye nyumba tuliyohama," akasema.

"Wee! Na anayefungua ni nani?" mama mkwe akashtuka, akajifunga kanga vizuri.

"Hafungui mtu, Mama. Ndiyo hicho kiduara."

Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, mahali pa hilo jina, akakuta imeandikwa: imekataliwa, neno la siri si sahihi. Akamgeukia mume polepole.

"Nililibadilisha," mume akakiri. "La zamani nililisahau."

"Ukaiambia ruta?"

"Ruta ni mtu niiambie?"

Kwa hiyo maskini ruta ilikuwa inapiga hodi kwenye ile huduma na neno la zamani, inafukuzwa, inarudi, inafukuzwa. Mwoka mikate akaandika neno jipya, akahifadhi, akashusha pumzi. Imefaulu. Alimrusha Tonge juu, akamdaka, akambusu kitambi.

"Lakini kuna kitu sikielewi," akasema. "Ruta isipozimwa, anwani hutulia siku nyingi. Yetu, kwa orodha iliyomo humu, inahama kila siku kama mpangaji mkorofi. Nani anaizima?"

"Si mimi," mume akasema, akarudi kwenye saa zake kabla hajaulizwa mengine.

Mama mkwe alikuwa anakunja nguo za mtoto zilizokwisha kukunjwa. "Umeme wa siku hizi," akasema, "hauna adabu."

Mwoka mikate hakungoja. Alitaka kujaribu akiwa nje kweli kweli, kwa hiyo akampakatisha mama mkwe mtoto, akachomeka miguu kwenye ndala, moja yake moja ya mume, akatoka mbio mpaka barabarani. Kiduara kikazunguka mara moja. Kikafunguka. Hilo hapo kochi lake! Hiyo hapo meza!

"Nawaona!" akapiga kelele. "Nawaona!"

Mtu mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli akasimama. "Unawaona akina nani, dada?"

"Watu wa nyumbani kwangu!"

"Kwako wapi?"

Akamwonyesha mlango uliokuwa nyuma yake. Yule mtu akautazama mlango, akamtazama na yeye. "Si uingie tu ndani?" akasema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Kwenye simu, mama mkwe aliinua uso akaitazama kamera kama mtu anayemtazama mgeni asiyeondoka. Akachukua kitambaa cha kufuma kilichofunika ruta, akavuta kigoda chini ya kamera, akamweka Tonge chini ili apande. Alitaka kuifunika!

Tonge akashika meza. Akaiona ruta, imeachwa wazi. Akaachia meza.

Haikuwa hatua moja wala mbili. Tonge alivuka sebule nzima, kitambi mbele, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekwenda kuzima taa. Mama mkwe akaruka kutoka kigodani, lakini wapi! Mtoto akapeleka mkono nyuma ya ruta, akaushika waya bila hata kuutafuta, akavuta. Kiduara.

Mwoka mikate aliingia ndani ndala moja ikiwa imebaki getini. Mama mkwe alisimama amemkumbatia Tonge na kitambaa kwa pamoja.

"Hujakosa kitu, mwanangu! Hajafanya lolote!"

"Nimemwona, Mama."

"Umemwonaje na ulikuwa..." Akaikumbuka kamera. Akakaa kwenye kochi.

"Alianza lini?"

"Wiki iliyopita. Ndiyo kwanza umefunga geti. Nikashika simu nikupigie. Nikakumbuka siku ile ya kaka yake, jinsi ulivyonyamaza. Nikasema, mkwe wangu haikosi tena. Nitachomoa hiki kidude kila asubuhi, nikirudishe mtoto akilala, mpaka atembee mbele yako, nawe uone ndiyo ya kwanza. Na huyu mjinga kila jioni ananikalia puu!"

"Na kila ukichomoa yuko wapi?"

"Nyuma yangu. Amenishika kanga."

Mwoka mikate alicheka mpaka akakaa chini, kisha akagundua analia, na hakujali. Alimpenda mama huyu siku ile kuliko siku zote. Akajivuta mpaka kwenye kochi, akaegemeza kichwa magotini pake. "Kwangu mimi ndiyo ya kwanza, Mama. Nimeiona mwenyewe, nikiwa barabarani na ndala ya mwanao."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka kwa kishindo. "Mtandao umekatika tena! Nani kachomoa ruta?"

Wanawake wawili wakamnyooshea Tonge kidole. Na Tonge, waya bado uko mkononi, akamnyooshea bibi yake.