Msomaji wa Nusu ya Pili

Riwaya za roketi na za majini wa mjini nazijua vizuri, ila kuanzia katikati. Tulipokuwa wadogo, mimi na dada yangu tuligombea kitabu kimoja mpaka mama akaacha cherehani yake, akakinyakua, akakipasua mgongo kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Mkubwa akapewa nusu ya kwanza, mdogo ya pili. "Nisisikie kelele tena!" Tangu siku hiyo kila riwaya inayoingia nyumbani inapitia kwenye mkasi ule. Dada husoma mwanzo, mimi mwisho, halafu tunasimuliana huku tunashona. Hatujawahi kubadilishana vipande, maana utamu wote uko kwenye kusimuliwa.

Ndiyo maana maoni yangu ni makali. Riwaya za anga kwangu huanza chombo kimeshaharibika, hewa inakwisha, na nahodha anamlilia mtu nisiyemjua. Jamani, hawa watu hawakagui vitu vyao kabla ya safari? Dada hucheka mpaka mshono unampinda. Kwake yeye chombo ni kipya, na kila mtu anaahidi kurudi.

Zile za mjini ndizo ugonjwa wangu: lifti inayosimama ghorofa isiyokuwepo, jini mwajiriwa wa benki anayechelewa kazini kama sisi. Ila zina tabia moja inanikera. Lazima mtu aone mlango ukutani, apite, na wa nyumbani wasahaulike. Hivi mwandishi hajiulizi nani atakula chakula cha huyo aliyepita, kilichofunikwa mezani?

Wiki hii mlango wa dada ukafunguka. Amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo, mji wa mbali, na Jumamosi anaondoka.

Nilinuna, tena nilinuna haswa. Tulishona mchana kutwa, vyerehani viwili vikinguruma, jua likitambaa polepole juu ya vipande vya kitambaa sakafuni. Nikawa naona ukuta nyuma yake unalainika, unafunguka, na dada anaingia humo taratibu na tepu yake shingoni. Nikipepesa macho, yupo, anatunga uzi.

"Ndiyo umeshanichukia?" akaniuliza.

"Nina kazi."

Kusema kweli niliogopa. Niliogopa kwamba huko atasoma vitabu vizima, peke yake, kisha agundue kuwa hanihitaji.

Ijumaa hasira zikanituma. Kulikuwa na riwaya mpya, mkasi umeshapita lakini hatujaianza. Nikazichukua zile nusu mbili, nikazishona pamoja kwa uzi mnene wa jinzi, nikarudia mshono, nikamtupia kitandani.

"Haya, beba kitabu kizima. Huko huhitaji mtu wa kukumalizia."

Dada akakiokota, akakisukumia ndani ya begi. Mama akadakia kutoka jikoni, "Wee! Huo ulimi wako huo!"

Jumamosi asubuhi teksi ikapiga honi. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, najifanya nakunja pindo. Dada akaweka begi chini, akakaa kando yangu, akatoa kile kitabu na kuchukua mkasi. Akaanza kufumua. Honi ikalia tena, mama akapiga kelele kwamba dereva ataondoka, yeye wala hana habari, anakata uzi mmoja mmoja.

"Umeshona kwa hasira," akasema. "Hautoki huu."

Kitabu kikaachana. Kwa mazoea nikanyoosha mkono nipokee nusu yangu, ile ya pili. Akanipiga kidogo vidoleni.

"Hiyo naenda nayo mimi. Safari hii mwanzo ni wako."

"Sasa wewe utaelewaje?"

"Sitaelewa, mdogo wangu. Mpaka unisimulie."

Nikamng'ang'ania shingoni mpaka mama akaja kututenganisha.

Teksi ilipoondoka nilikaa pale pale, nikafungua ukurasa wa kwanza. Nilikuwa sijawahi kuusoma ukurasa wa kwanza wa riwaya. Hakuna aliyelia, hakuna kilichoharibika. Alikuwepo mtu tu, asubuhi, anatoka kwao, anafunga mlango, na ufunguo wa nyumba anautia mfukoni.

Nadhani hata kona walikuwa hawajakata. Nikampigia simu.

"Eeh," akapokea dada, sauti imelowa. "Anza."