Mtungi wa Nne

Fundi Kipara hakuwa na cheti cha useremala, wala karakana yenye ukuta wa nne, wala kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, wala unywele hata mmoja. Hakuwa na subira na watu wanaopima mbao kwa macho. Na kwa miaka miwili sasa hakuwa na mdogo wake, mpiga mbizi, ambaye kampuni ya safari za baharini ilimtoa majini amekufa, kisha ikaandika kwenye ripoti neno moja: uzembe. Alishuka, walisema, bila kujaza mtungi wake wa hewa. Tangu hapo mjane wake hapiti barabara ya sokoni, asije akaulizwa.

Kampuni hiyohiyo ilipotafuta fundi wa kulipanga gari lao la safari, Kipara aliipokea kazi. Alijua hakuna mwingine mtaani wa kulifanya gari lile lisilie njiani, na hakuona sababu ya kuwapunja abiria kwa kosa la mwenye gari.

Aling'oa viti vya nyuma, akatandika sakafu ya mbao na kuipaka rangi ya boti. Akafunga bomba la kutundikia mavazi ya mpira, beseni la vitu vilivyolowa, sanduku la miwani na mapezi, na ubavuni rafu ya mitungi sita. Kipara hapimi mtungi mmoja akakisia mingine. Alitaka yote sita iletwe, mitupu, akauchongea kila mmoja kitako chake.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, bahari ikajaa ndani ya gari. Ilianzia sakafuni, ikapanda polepole mpaka usawa wa madirisha, ikatulia. Milango ya nyuma ilikuwa wazi na halikumwagika tone. Samaki wadogo wenye mistari wakapita katikati ya mitungi. Kipara alichovya kidole, akaonja, akakuta ni chumvi kweli, akabadili ratiba: skrubu za chini asubuhi, gundi jioni maji yakishakupwa.

Fundi wa tairi, jirani yake, alikuja kuangalia magurudumu.

"Kipara, gari limekaa chini. Ongeza upepo, bahari si mzigo wa kitoto."

"Nyuma tu, au na mbele?"

"Nyuma. Mbele kwa dereva umeacha pakavu."

Wakaongeza.

Siku ya tano rangi ya mtungi wa nne ikaanza kubanduka. Ya ile mingine mitano ilishika. Huu ulikuwa umepakwa juujuu, kwa haraka, na Kipara haoni rangi mbaya akanyamaza. Aliikwangua. Chini yake palikuwa na ndoana ndogo, alama ambayo mdogo wake aliikwaruza kwenye kila alichokitumia tangu utotoni. Kando ya ndoana ilikuwa imegongwa tarehe ya mwisho ambayo kampuni iliupeleka kukaguliwa, miaka tisa nyuma. Akaifungua koki na kuitoa, akamulika ndani kwa tochi. Kutu tupu. Kutu hula hewa, na kila mpiga mbizi analijua hilo: mtungi waweza kujaa pomoni, na mtu akakosa pumzi.

Alimwita shemeji yake, yule mjane. Mama huyo alikunja mkono wa gauni, akauingiza majini, akaigusa ile ndoana.

"Alinikwaruzia hata sufuria mpya," alisema. "Nikamgombeza."

Kipara alisubiri maji yakupwe, akaweka karatasi juu ya chuma, akasugua kwa penseli ya useremala mpaka ndoana na tarehe vikatokea. Kisha akapigilia ubao juu ya nafasi ya nne.

Bosi wa kampuni alilifuata gari siku ya saba, saa tisa na nusu. Aliyatazama maji, akauliza kama yanaweza kubaki, maana wateja wangeanza kuzoea njiani. Kipara akamjibu kwamba yanakuja yenyewe. Halafu akamwonyesha mtungi.

"Mzee, ripoti ilishafungwa."

"Iliyofungwa hufunguliwa. Na huu hauingii kwenye rafu yangu."

Bosi aliisifu kazi, akasema ni safi, asiichafue kwa maneno. Akauchukua mtungi wa nne, akauketisha kiti cha mbele, akaufunga mkanda, akaondoka.

Kipara aliandikia ofisi ya ukaguzi wa mitungi. Barua zake tatu za mwanzo, za baada ya msiba, zilikuwa zimejibiwa kwa sentensi moja, kwamba mambo yamekwisha. Hii ya nne aliiandika kwa herufi nene, kama mtu anayeandika kibao cha duka lake, akaambatisha ile karatasi ya penseli. Gundi ya bahasha aliilowesha kwa maji ya gari aliyoyahifadhi kikombeni. Ilishika kama msumari.

Shemeji yake aliipeleka, akapitia barabara ya sokoni. Mbele ya posta alisimama kulipisha gari la kampuni, limejaa maji hadi madirishani, wateja wamekaa sakafuni wametulia na miwani yao, na mtungi wa nne umefungwa mkanda kando ya dereva, umepakwa rangi upya. Lilipopita, alivuka, akaisukuma barua ndani ya sanduku mpaka akaisikia ikigonga chini.